Puliza Kabla Hujakaa

Olesia alitaka mkate tu. Ule mkate wa kusokotwa, wa pete tatu zinazopandana, ambao akina mama wa kanisa huuoka mjini kila Mkesha wa Krismasi yao ya Januari, ya kalenda ya zamani. Aende, auchukue, arudi kabla nyota ya kwanza haijatoka, kwa sababu nyota ikitoka ndipo watu huketi mezani. Lakini mdogo wake Orest alikuwa bado amejikunja ndani ya gari, miguu ikining'inia nje kwenye theluji, akihangaika na nyaya nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma.

"Orest, giza linaingia."

"Haraka ya nini, dada? Mkate hauna miguu."

"Na nyota nayo haina?"

Orest akacheka bila kugeuka. Alikuwa anamfungia zawadi. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, cha kutosha kiganjani, chenye skrini upande mmoja na kamera upande wa pili. Unakigandisha kwenye kioo cha mbele, unaunganisha waya wake na kamera ya gari, unakiambia gari ni la aina gani, basi. Kuanzia hapo gari linashika mstari lenyewe na kufunga breki lenyewe. Kiwandani hawakukiweka. Watu wa huko uwandani, wenye barabara zilizonyooka mpaka macho yanachoka, hununua na kujifungia wenyewe uani. Hiki kilikuwa cha Orest mwenyewe, alikitoa kwenye gari lake.

"Sitaki usinzie ukitoka zamu ya hospitali," alimwambia mchana alipofika. "Nimeshamzika shemeji. Dada simziki."

Olesia aligeuka akajifanya anakoroga supu ya viazi vyekundu, asionekane machozi. Wazazi walikwisha kufa. Mtoto hakujaliwa. Na Nestor, mumewe, alikuwa ardhini tangu Novemba ya mwaka juzi. Aliyebaki ni huyu mmoja, mwenye masihara na mikono ya kufungua kila kitu.

Nestor alitoka kumsaidia jirani kukwamua trekta, akarudi kwa miguu, na gari likamkumba karibu na lile ghala refu la ngano lisilotumika tena. Aliyemgonga hakusimama. Polisi waliuliza shamba kwa shamba, wakachoka. Tangu siku hiyo Olesia aliwasha mshumaa kila Jumapili na kumwomba Mungu jambo moja tu, aonyeshwe ni nani. Na kila Jumapili Orest alisimama kando yake, akawasha wa kwake.

Mezani sahani zilikuwa tatu. Ya Olesia, ya Orest, na ya Nestor, maana jioni hiyo marehemu huja kula na watu wao. Ndiyo maana ukitaka kuketi, sharti upulize kiti kwanza. Huwezi kujua nani amekikalia. "Puliza, asogee," mama yao alikuwa akisema. Roho haifukuzwi, inaombwa nafasi tu, nayo inahamia kiti cha pili. Orest tangu utoto aliyadharau hayo. Alikuwa akijitupa kitini kwa kishindo na kusema, "Kama bibi alikuwa hapa, nimeshamkalia!" Mama akamchapa na mwiko mbele ya wageni.

"Haya, tayari," Orest akasema, akajifuta mikono. "Sikiliza. Kwenda, endesha mwenyewe, kifaa kinajifunza. Kinataka barabara iliyonyooka, yenye mistari. Kikimaliza, kitalia. Kurudi, bonyeza hapa, utoe mguu. Unaiona hii pembetatu ya njano? Inakaa juu ya kitu chochote kilicho mbele yako. Hakuna kitu, hakuna pembetatu."

"Na hii plasta?"

Kwenye kona ya kifaa, juu ya kijicho kinachomtazama dereva, palikuwa na kipande cha plasta nyeusi, kimezeeka kingo.

"Iache hiyo. Kinakuchungulia kama unatazama barabara. Ukigeuza macho kidogo tu, kelele kama mama mkwe."

"Twende wote basi, unielekeze."

"Aa, mimi nibaki na jiko," akajibu upesi. Na hakutazama barabarani.

Alikwenda salama. Gari la umeme halina ngurumo. Nestor alilinunua kwa kuupenda ukimya huo, na Olesia aliuchukia tangu alipobaki peke yake nao. Mjini akachukua mkate, ungali moto, akaulaza kiti cha nyuma ndani ya taulo. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu.

Alipowasha gari kurudi, kifaa kililia. Kimejifunza. Akabonyeza. Kikakataa. Maandishi yakatokea kwamba kwenye gari jipya lazima kwanza kimwone dereva. Akabonyeza tena, kikakataa tena. Akaitazama ile plasta, akasonya, akaibandua kwa ukucha.

Kijuso kidogo cha kijani kikawaka kwenye skrini. Dereva ameonekana.

Akatoa mguu. Usukani ukaanza kusogea wenyewe, taratibu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Nje mbingu ilikuwa ya zambarau na theluji ilikuwa ya buluu. Barabara tupu. Skrini haina pembetatu.

Ghala la ngano likatokea kwa mbali, refu, jeusi. Kila akipita hapo Olesia huomba dua fupi. Akaanza kuiomba.

Pembetatu ikawaka.

Akainua macho. Barabara tupu.

Akatazama skrini. Pembetatu ipo, imetulia juu ya lami, mahali pasipo na kitu. Ndogo... kisha kubwa kidogo... kisha kubwa.

Gari likaanza kupunguza mwendo.

"Hapana," Olesia akanong'ona. "Hapana, songa."

Akakanyaga pedali ya mwendo. Mguu ulizama mpaka chini, gari likazidi kupunguza. Likasimama katikati ya barabara, pale pale, mkabala na ghala. Upepo ulikuwa unakwaruza theluji kavu juu ya lami. Pembetatu ikateleza pole pole upande wa kulia wa skrini, ikapita ukingoni, ikapotea.

Ubavuni mwa gari, kwenye mlango wa abiria, kikasikika kitu.

Kugongwa. Kwa kucha, kama mtu asiye na nguvu.

Halafu baridi ikaingia. Mlango haukufunguka, lakini baridi iliingia na kukaa kando yake. Na harufu. Sufu iliyolowa. Mafuta ya trekta. Peremende.

Nestor alikuwa hawezi kutoka nyumbani bila peremende mfukoni.

Kengele ya mkanda ikaanza kulia. Ting... ting... ting... Kiti cha abiria kina mtu, mtu hajafunga mkanda.

Olesia hakupiga kelele. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda, akiuachia upande wa pili. Alinyoosha mkono, akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaubana. Kengele ikanyamaza. Gari likaondoka lenyewe.

"Njoo nyumbani," akasema kwa sauti ndogo. "Chakula tayari."

Alilia njia nzima, na hakujua kama analia kwa hofu au kwa furaha.

Uani taa ya mlangoni ilikuwa inawaka. Olesia aliufungua ule mkanda kwa adabu, kama anayemkaribisha mgeni. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma kuchukua mkate. Orest akatoka ndani mbio, bila koti.

"Eh, kimekubali? Ngoja nikitazame."

Olesia alikuwa ameinama kiti cha nyuma, mkate mkononi, na kutoka hapo alimwona vizuri. Alitaka kumwambia angoje kidogo, hapo kuna mtu. Orest akafungua mlango wa abiria. Akasita. Akatupa jicho kuelekea nyumbani.

Halafu akainama, akakipuliza kiti. Fuu. Haraka, kama mtu aliyezoea.

Akaketi, akafunga mlango.

Olesia akabaki ameinama vile vile. Jambo dogo kama hilo. Pumzi tu. Lakini moyo wake ulikwisha kulielewa, akili ikiwa bado inakataa. Akaufunga mlango wa nyuma, akazunguka mpaka wa dereva uliokuwa wazi, akaushika kwa mkono mmoja, mkate kifuani.

"Orest. Unampulizia nani?"

"Nani? Aa... mila, dada. Leo si mkesha?"

"Mila gani wewe? Uliyemkalia bibi?"

Orest akafungua mdomo kutania. Utani haukuja. Uso wake ulilegea, akaonekana mzee ghafla, na mvuke wa pumzi yake ulikuwa mweupe kana kwamba gari halina joto.

"Kwa hiyo na kwako amekuja," akasema.

"Tangu lini anakuja kwako?"

"Kila nikipita pale. Nikadhani ni gari, nikaliuza. Kifaa nikakihamishia gari jingine, akapanda vile vile. Nikikizima... anagonga dirisha la chumbani." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikasema labda anakutafuta wewe. Akikupata, atatulia. Ataniacha."

"Wewe ulimgonga kulungu," Olesia akasema. Alisema polepole, kama anayemkumbusha mtoto. "Wiki ile ile. Bampa lilikuwa na manyoya. Polisi waliyaona."

Orest akaugeuza uso kuelekea kioo cha mbele.

"Ukaniletea soseji za huyo kulungu. Kwenye msiba. Nikala, Orest. Nikakushukuru."

"Kulungu nilimtafuta baadaye," akasema. "Dada, naapa, nilikuwa natazama simu. Nimeziba kile kijicho kisinipigie kelele. Sikumwona, na kifaa nacho gizani hakikumwona. Nilisikia tu."

Mishumaa yote ile. Jumapili zote zile amesimama kando yake, bega kwa bega, akisikia anachomwomba Mungu. Na leo amemletea zawadi. Amemfungia mume wake marehemu kwenye kioo kama mzigo aliochoka kuubeba, akauita mapenzi. 

"Alikufa papo hapo?" akauliza. "Daktari alisema papo hapo. Niambie hivyo hivyo."

Orest alitazama mikono yake.

"Orest!"

"Aliniita jina," akanong'ona. "Aligonga mlango... kwa kucha. Akasema, Orest, nipeleke nyumbani."

Upepo ukatulia.

Kwenye skrini, mbele ya kiti cha dereva kilicho kitupu, kijuso cha kijani kikawaka.

Dereva ameonekana.

Olesia akakumbuka maneno ya mama yake. Puliza, asogee. Roho haifukuzwi. Inahamia kiti cha pili.

Mlango ukamponyoka mkononi, ukajifunga. Vitasa vyote vikalia kwa pamoja, tak. Orest aligeuka kushoto, kwenye kiti cha dereva, akaona alichokiona, na kelele aliyoipiga haikutoka nje ya vioo. Olesia aliiona tu, mdomo wazi, ngumi zikipiga dirisha. "Fungua! Dada, ufunguo! Fungua!" Aliyasoma maneno hayo midomoni mwake.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti lake. Kitufe chake anakijua hata gizani. Aliutoa. Akaweka kidole gumba juu yake.

Gari likaanza kurudi nyuma, bila sauti. Likageuka pole pole, kwa uangalifu, kama alivyogeuza Nestor, asiliguse ua la waya. Orest alikuwa amegandamiza paji la uso kwenye kioo, akimtazama dada yake, analia kama alivyolia utotoni akiogopa radi, alipokuwa akikimbilia kitanda cha Olesia, naye akimfunika.

Alimtazama mpaka gari likatoka getini.

Kidole hakikubonyeza.

Akaingia ndani. Akawasha mshumaa dirishani, akaukata mkate, akapakua pyrohi, zile sambusa za kuchemshwa zenye viazi ndani, na kutya, ile ngano ya asali. Kisha akasimama mezani muda mrefu. Mwishowe akaichukua sahani ya Orest kutoka upande wa walio hai, akaiweka upande wa pili, karibu na ya Nestor, na kiti chake kilichoachwa wazi akakitoa, mezani vikabaki viwili.

Nyota ilikuwa imeshatoka.

Baadaye taa za gari zikamulika dirishani. Hakusikia injini. Alisikia mlango mmoja ukifungwa, kisha wa pili. Hakusikia nyayo kwenye theluji. Mlango wa nyumba ukasukumwa na baridi ikaingia, na harufu ya peremende, na nyuma yake harufu nyingine, ya sabuni ya kunyolea ya mdogo wake. Mwali wa mshumaa ukalala, ukainuka.

Olesia hakugeuka. Alikishika kiti chake, akainama, akakipuliza.

Ubao ukalia. Mtu alikuwa anasogea.

Halafu, karibu kabisa na sikio lake, sauti ndogo, ya baridi, sauti ya yule mtoto aliyekuwa akiogopa radi...

"Dada, kule amekaa yeye. Mimi nisogee wapi?"