Onyo la Arobaini na Mbili

Mkaguzi alipotoka kwenda kunawa mikono, kompyuta ilikuwa imehesabu maonyo arobaini na moja. Aliporudi yalikuwa arobaini na mawili, na ghorofa nzima haikuwa na mtu mwingine wa kugusa kitu.

Wenzake walikuwa wamehamia jengo jipya. Yeye aliachwa na kompyuta kuukuu, feni yenye kulalamika na kengele moja ya majaribio mezani, kwa kuwa msimbo wa programu aliokuwa akiukagua haukuruhusiwa kutoka chumba kile kabla ya ukaguzi kwisha. Ulikuwa msimbo wa kengele za wagonjwa, ulioandikwa zamani kwa lugha ya kompyuta iitwayo C: mgonjwa akibonyeza kitufe kitandani, jina lake linatokea mezani kwa wauguzi. Kompyuta huipekua mistari yote na kuonya kila inapohisi pana upenyo wa kuingilia. Maonyo mengi huwa kelele tupu. La uongo huandikiwa pembeni "si hatari" pamoja na jina la mkaguzi, na kompyuta haifungui mdomo tena kuhusu mstari huo. Sharti ni moja tu: usiandike kabla hujaufuata mstari kwa macho yako mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake sharti hilo, tena kwa ukali, hata wakambandika jina la Mama Maonyo.

Yale arobaini na moja alikwisha kuyamaliza. Hili jipya lilikuwa kwenye mstari unaonakili jina la mgonjwa. Nafasi ilitosha herufi thelathini, na mstari haukupima chochote; jina refu zaidi lingemwagikia nafasi ya jirani, palipoandikwa kengele imwite nani. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Lakini pembeni, pale waandishi wa programu wanapoachiana maelezo, paliandikwa neno moja.

Umekula?

Alicheka peke yake. Tangu mumewe afariki hapakuwa na mtu wa kumuuliza hivyo. Ndugu aliyebaki ni dada yake mkubwa, naye alikuwa amelazwa wiki ya tatu sasa, na kila siku mkaguzi alijiambia kesho nitakwenda. Alisingizia kazi. Kweli ni kwamba aliogopa kumwona dada yake akiisha.

"Bado," aliijibu skrini, akajionea haya. Kisha, kwa kuogopa kulifuta neno lile, bila kuufuata mstari akaandika "si hatari" na jina lake. Saa sita mchana toleo lile la programu, likiwa halina onyo, lilipelekwa wodi ya majaribio kama ilivyo desturi. Dada yake alikuwa amelazwa wodi hiyo hiyo, kitanda cha tisa.

Kesho yake maneno yalikuwa yamebadilika: Umelala vizuri? Keshokutwa yake: Leo umechelewa. Alijua fika kwamba hakuna binadamu anayeyaandika, ila alianza kuchana nywele kabla ya kuiwasha kompyuta. Chumba kilinuka udongo mbichi, ingawa madirisha yalifungwa na mvua haikunyesha. Siku ya nne kengele ya mezani ililia bila kubonyezwa, na kwenye kioo chake kidogo likaanza kupita jina, herufi baada ya herufi, jina lisilotamkika ambalo lilipita herufi thelathini, likapita mia, likaendelea kupita huku yeye akiwa amelikodolea macho, na alipochomoa waya ukutani liliendelea kupita vilevile.

Simu ikaita. Alikuwa dada.

"Mdogo wangu, nimekupigia nikushukuru."

"Kwa lipi, dada?"

"Si kwa kuja kila mchana! Nikibonyeza kengele tu, wewe huyo, umefika. Wauguzi siku hizi hata hawatokei." Sauti yake ilikuwa nyembamba mno. "Ila mikono yako baridi, jamani. Na jana dripu iliisha, damu ikaanza kupanda kwenye mpira, nikakuita, ukakaa tu kuniangalia. Ulichoka, eeh?"

Alikata simu. Akaipigia wodi.

"Kitanda cha tisa?" muuguzi alisema. "Huyo hajatuita siku tatu sasa. Mpole kweli. Ngoja nikamwangalie."

Akampigia Bi Nukta, mstaafu aliyeuandika msimbo ule tangu mwanzo.

"Shikamoo, Bi Nukta."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona?"

Alimweleza yote. "Mstari huo sikuuandika mimi," Bi Nukta alisema taratibu. "Nani kaandika 'si hatari'?"

"Mimi."

"Uliufuata?"

"Sikuufuata."

"Basi ameingia kwa jina lako. Siwezi kumtoa mimi, wala mganga yeyote. Lifute jina lako, kisha ipime ile nafasi. Na atakachokuandikia usikisome."

Nani anaweza kutosoma? Alipoanza kufuta, feni ilisimama, harufu ya udongo ikamjaa kooni, na kule pembeni herufi zikaanza kujiandika zenyewe polepole, kama mtu anayeomba, Usinitoe, nani mwingine atakuuliza kama umekula, nani atajua siku uliyochelewa, nani atakayegundua siku usipokuja kabisa, naye akalia kwa sauti kwa sababu kila neno lilikuwa kweli, na huku akilia aliandika kwamba jina likizidi nafasi likatwe, akatuma toleo jipya wodini saa ile ile. Feni ikazunguka tena. Pembeni mwa mstari palikuwa patupu. Chumba kilikuwa kimya kuliko alivyowahi kukisikia.

Hospitali alifika akihema. Dada yake alikuwa amebaki macho tu. Akamshika mkono.

Dada akauvuta haraka. "Wewe nani?"

"Mimi, dada. Mdogo wako."

"Mikono yake haina joto hivi." Akabonyeza kengele, akageukia mlangoni akitabasamu.

Muuguzi aliingia mara moja, kama inavyotakiwa. Tabasamu la dada lilipotea, akaanza kulia kama mtoto. "Si wewe. Namtaka mdogo wangu. Mwiteni, huwa anakuja."

Mkaguzi alitoka mpaka kwenye sinki la mwisho wa korido. Alifungua bomba, akaiweka mikono chini ya maji, akaiacha mpaka vidole vikafa ganzi. Alirudi bila kuifuta, akakaa kitandani, akaushika tena ule mkono.

Dada alifumba macho, uso ukamlegea kwa raha.

"Leo umechelewa," alisema.