Bati la Nyuma

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu mwaka jana, kaka yangu Bedan alinipitia kwangu Kiuu saa tatu asubuhi twende Thika kuangalia gari. Jua lilikuwa zuri. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yetu, ambaye tangu utotoni tunamwita Maitu, na mkoba wake mapajani, amevaa viatu vya kanisa. Nataja siku na saa kwa sababu katika familia yetu kazi hiyo ni yangu. Nina daftari la waliozaliwa na walioitwa jina la nani, na la waliokufa na mahali walipofia. Nikikosea, hakuna aliyebaki wa kunisahihisha.

Gari lenyewe lilikuwa na nyumba ndani. Mbele kulikuwa na usukani kama wa lori dogo, na nyuma kitanda, jiko la gesi, sinki na kabati. Bedan aliona tangazo lake kwenye simu na hakulala siku mbili.

Lazima nieleze kwa nini. Nyumba ya mbao ya Maitu kule Mugutha ilibomolewa mwezi wa tisa mwaka uliotangulia. Bedan alihitaji nafasi ya kujenga vyumba vya kupanga, kumi na viwili, na vyote vilipata watu kabla rangi haijakauka. Maitu akahamia kwenye kochi la Bedan. Baada ya wiki sita Emmah, mke wa Bedan, alianza kuosha kikombe cha Maitu mbali na vingine na kukiweka kwenye rafu yake peke yake.

Mimi nina chumba kimoja Kiuu. Nilisema hakitoshi. Kilitosha.

Mwenye gari aliitwa Gachau, mtu wa umri wa Bedan, mwenye maneno mengi. Alitupokea uani kwake, nje kidogo ya mji wa Thika. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya ua wa michongoma, nyasi zimefika kwenye milango.

"Baba yangu aliishi humu miaka minne," alisema. "Hakuwahi kulalamika. Maji, gesi, kila kitu. Mzee alikuwa kama yuko hoteli."

"Na sasa yuko wapi?" Maitu aliuliza.

"Alipumzika, mami. Mwaka juzi."

Bedan aliingia ndani na kuanza kufungua makabati. Maitu alimfuata, akakaa kitandani, akabonyeza godoro kwa mkono. Mimi nilizunguka nyuma. Hapo ndipo nilipoliona bati. Lilikuwa kiraka cha mraba kwenye ukuta wa nyuma, usawa wa kitanda, upana wake kama mabega ya mtu. Lilizungushiwa misumari ya riveti. Rangi yake ilikaribia ya gari lakini haikufanana.

Mlangoni pa jikoni alikaa mwanamke mzee akichambua maharagwe ya njahi kwenye ungo. Alikuwa dada wa marehemu. Aliniona nikilitazama bati, akaniita kwa kidole.

"Ni nani ataishi humo?"

"Mama yetu."

"Kwani nyinyi hamna nyumba?"

Aliendelea kuchambua, kisha akashusha sauti.

"Kaka yangu alifia humo. Tulimtoa kwa nyuma, kama zamani. Halafu huyu Gachau akaziba ili auze."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Nyanya yangu alinisimulia jambo hilo nikiwa darasa la sita, na nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Zamani, mtu akifia ndani ya nyumba hakupitishwa mlangoni, kwa sababu mlango ni wa walio hai. Ukuta wa nyuma ulitobolewa akatolewa hapo, na nyumba ikaachwa ioze na tundu lake. Tundu halikuzibwa. Mwili ndio hutoka siku ile, nyanya alisema. Vingine hutoka polepole.

Nilirudi mbele. Maitu alikuwa bado amekaa kitandani, amegeuza uso kuelekea ukuta wa nyuma. Alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Gachau alikubali tulipeleke gari kwa fundi kabla ya kuamua. Liliwaka mara ya tano. Bedan aliliendesha polepole hadi gereji ya Kimeu, mtu mwembamba mcheshi ambaye huwatengenezea wenye malori. Kimeu alilala chini yake nusu saa, akatoka na mafuta usoni.

"Mkubwa, injini imechoka lakini haijafa. Breki za nyuma hakuna. Paa linavuja. Paipu ya gesi usiiguse hata na maombi."

"Breki za nini? Halitaenda popote. Ni kuegesha tu."

"Ah, basi wewe hununui gari. Unanunua kibanda chenye taa za mbele."

Bedan hakucheka. Kimeu alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga ukuta akitafuta kutu. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Hakukuwa na mtu ndani. Maitu alikuwa amesimama karibu nami, ameshika mkono wangu.

Kimeu alifika kwenye kiraka. Akagonga mara mbili.

Ndani kukagongwa mara tatu.

Kimeu alitazama nyundo yake. Aliinama akachungulia chini ya gari, akaenda mlangoni akachungulia humo pia, akarudi.

"Mwangwi," alisema. Halafu akaniita pembeni kwa sauti ya chini. "Madam, hebu ona. Hili bati limevimba kuja nje. Kutu haisukumi hivi. Hili limepigwa kutoka ndani. Mara nyingi."

Bedan alikuwa amesikia. "Ni hapo maji yanaingilia. Weka lingine juu yake. Zito."

"Nikiweka la kwangu, hata sauti haitoki."

"Weka."

Kisha Bedan alinigeukia. Maitu naye alinigeukia. Bedan ni mzee wa kanisa na hapendi kuamua jambo la familia peke yake, maana likiharibika hutaka kuwa na wa kulaumu.

"Waceke, wewe ndiye unajua mambo ya nyumbani. Unaonaje? Tuchukue ama tuache?"

Nilijua tulichokuwa tunaziba. Nilijua pia kwamba tukiliacha gari lile, jioni ile ile swali lingekuwa Maitu atalala wapi. Chumba changu kina dirisha moja. Nimezoea kuamka bila kusemeshwa.

"Lichukueni," nilisema.

Maitu aliuachilia mkono wangu.

Gari liliegeshwa Mugutha, nyuma ya vyumba vya kupanga, kati ya tangi la maji na ukuta wa ploti. Kimeu alikuwa ameziba kwa bati nene, riveti mpya, na gundi nyeusi pembeni kote. Bedan alimwita mchungaji akalipaka mafuta ya upako usukani na magurudumu, kama gari. Hakuna aliyeliombea kama nyumba. Maitu aliambiwa ni miezi sita tu, kisha atapewa chumba cha chini ghorofa ya pili ikiisha.

Nilikuwa nikimtembelea Jumapili ya mwisho ya kila mwezi. Aprili alisema paa halivuji tena. Mei alisema kuna harufu ya tumbaku ya kunusa, lakini hamsumbui. Juni nilikuta amelala upande mmoja wa kitanda, upande wa mlangoni, mchana. Upande wa ukuta ulikuwa umebonyea.

Agosti tarehe kumi na saba nilimnunulia kitambaa cha kichwa sokoni Thika, cha buluu chenye maua meupe. Nilipompelekea alikivaa hapo hapo. Alipenda kufunga mafundo mawili, upande wa kushoto, juu ya sikio.

Septemba alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gereji. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nje watoto wa wapangaji walikuwa wakikwepa mpira katika mchezo wa kati.

"Waceke. Kwani hamkujua nitaishi na mtu?"

Nilimuuliza mtu gani.

"Ni mzee. Ana adabu. Anagonga hapo ukutani, ananiomba nimpishe." Alinong'ona kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. "Jana aliniuliza kama nami niliambiwa ni ya muda."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia miezi sita. Akacheka. Aki alicheka, Waceke. Akaniambia aliambiwa mitatu."

Niliutazama ukuta wa nyuma. Upande wa ndani, kiraka cha Gachau kilikuwa na alama mpya. Zilikuwa ndogo. Ndogo kuliko ngumi ya mwanaume.

"Twende kwangu," nilimwambia. Nililisema. Nimeliandika kwamba nililisema.

"Wewe ulisema kwako hakutoshi," alisema, akageuka akawasha jiko la chai.

Sikumsihi. Hilo pia nimeliandika.

Alikufa usiku wa kuamkia tarehe tisa Oktoba. Mpangaji aliyekuja kuteka maji asubuhi aliona pazia halijafunguliwa. Bedan alivunja kioo. Maitu alikuwa amepiga magoti kitandani, uso ukutani, viganja vyote viwili kwenye bati. Daktari aliandika ni moyo. Kuhusu vidole vyake hakuandika kitu.

Watu wa gari la maiti walifika saa nne. Mlango ulikuwa mwembamba, wakamwinamisha ili apite. Nilisimama pale. Ningeweza kuwaambia wasubiri, waite mtu mwenye mashine ya kukata. Emmah alikuwa akilia kwa sauti, wapangaji walikuwa wametoka vibarazani, na Bedan aliniambia akiwa amebana meno, "Usianze mambo yako ya nyanya hapa."

Sikuanza.

Alitoka kwa mlango.

Hatukumzika Mugutha. Nafasi yote ilikuwa imejengwa. Tulimzika makaburi ya umma Thika, Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Mochari nilimvisha mwenyewe. Nilimfunga kile kitambaa cha buluu, mafundo mawili, upande wa kushoto, juu ya sikio. Jeneza lilifungwa nikiona. Lilishushwa nikiona. Nilisubiri hadi udongo ukasawazishwa na wenye sepeto wakaondoka.

Mwezi wa kumi na moja Bedan alitangaza kuliuza gari. Wapangaji wa vyumba vya nyuma walikuwa wakihama mmoja mmoja. Hawakusema sababu. Mmoja tu aliniuliza kama Bedan ana mtu anayefanya kazi ya bati siku nzima.

Mnunuzi alipatikana haraka, kijana wa Kamakis mwenye kampuni ya kuuza ploti. Alikuja Jumatano na bibi mmoja mwenye fimbo, ambaye aliachwa ndani ya gari lake na kioo kikiwa wazi kidogo.

"Ni la nyanya yangu," kijana alisema. "Ni ya muda tu."

Bedan alianza kueleza habari za paa na jiko. Nilimkatiza. Nilisema yote: aliyefia humo, tundu lililozibwa, mama yetu aliyefuata, na mimi niliyejua nikanyamaza. Niliyasema mbele ya yule bibi, kwa sauti ya kawaida. Kijana alicheka mpaka katikati. Kisha bibi akasema kutoka kwenye kioo, "Wewe, nirudishe nyumbani." Wakaondoka.

Bedan hajanisemesha tangu siku hiyo. Kwa Emmah mimi ndiye mchawi wa familia.

Kesho yake nilimwita Kimeu. Alikuja saa tano asubuhi na mashine ya kukata. Nilimwambia atoe lile bati lake.

"Madam, hili nililifunga mwenyewe. Hata maji hayapiti." Aliikagua gundi pembe zote nne kwa ukucha. Haikuwa imepasuka mahali popote. Alihesabu riveti. Zilikuwa zote. Aliingia ndani akakagua kiraka cha Gachau. Nacho kilikuwa kimeshika, riveti zote, ingawa kilikuwa kimejaa alama kama sufuria ya zamani.

Akakata. Cheche zilianguka kwenye nyasi. Bati zito liliachia upande mmoja, kisha mwingine, akalishusha kwa mikono miwili.

Akarudi nyuma hatua tatu.

Kati ya bati lake na lile la Gachau, mahali palipofungwa tangu Machi, kulikuwa na kitambaa cha kichwa. Cha buluu chenye maua meupe. Kilikuwa na udongo mwekundu, bado una unyevu. Kilikuwa kimefungwa mafundo mawili.

Nimekiweka pamoja na daftari. Nimeandika tarehe niliyokinunua, tarehe niliyomzika nacho na tarehe kilipopatikana. Kimeu alikata pia kiraka cha ndani, hakutaka malipo, na akaenda bila kunawa mikono. Tundu sasa liko wazi na mvua inaingia.

Jambo moja sijaliandika, kwa sababu sijui ni la ukurasa gani. Kitambaa kilikuwa upande wa nje wa bati la Gachau. Hilo Maitu alilipita.

Lililomshinda ni la kwetu.