Swali Alilolikwepa Mzee

Bomba la bafuni lilifunguliwa gizani kama kila alfajiri wiki ile, maji yakamwagika kwa kelele, likafungwa. Fundi cherehani alimfunika binti yake wa miaka minne, akageuka upande wa pili. Ni baba tu, ananawa.

Saa nne asubuhi mzee alianguka mlangoni mwa kibanda cha kushonea, mkono kifuani. Fundi alimkimbiza hospitali, binti yake mgongoni. Hospitali ilifurika. Aliyewapokea ni muuguzi yule yule ambaye fundi alikutana naye sokoni miezi mitano nyuma, kifungo cha koti lake jeupe kilipodondoka, fundi akamshonea wamesimama. "Kesho kitang'oka kingine," fundi alimtania. Kweli kiling'oka: muuguzi alikikata mwenyewe, apate kurudi kwake. Wiki ijayo kijana huyo angekuja kumposa fundi.

"Baba, mshipa wa moyo umezibwa na damu iliyoganda. Ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini kama una kidonda tumboni, kitavuja. Umewahi kutapika damu? Kupata choo cheusi?"

Mzee alimtazama mkwe mtarajiwa. "Mimi? Mzima kama chuma."

"Hata mara moja?"

"Nimeshasema!"

Dawa ikaanza kuingia mshipani, maumivu yakaachia. Kabla chupa haijaisha, mzee alitapika. Shuka likawa jekundu.

"Unaniulia baba!" Fundi alimkamata muuguzi koti mbele ya foleni nzima. "Ndiyo mapenzi yako haya?"

"Mpenzi, niliuliza..."

"Usiniite mpenzi! Uliuliza kama karani!" Akavuta. Kifungo kikaruka, kikapotelea chini ya mabenchi.

Dawa ikasimamishwa, mzee akaongezewa chupa nne za damu. Jioni alifumbua macho.

"Baba, lile bomba la alfajiri..." fundi alianza.

"Nilikuwa natapika damu," alinong'ona. "Nilifungulia maji msisikie. Sasa mwanangu, mkwe aniulize habari za choo changu, nami nimjibu?"

"Bora ufe?" Fundi aliwaka. "Na mimi nimemdhalilisha mtoto wa watu bure!"

Alimkuta muuguzi koridoni, koti wazi, anamlisha yule binti biskuti. Akachomoa sindano na uzi kwenye ukosi wa gauni lake la bluu.

"Simama wima."

"Bado una hasira?"

"Na wewe, na baba, na mimi niliyesikia bomba wiki nzima nikalala! Usicheke, nitakuchoma. Na usipokuja kuposa, utanitambua."

"Nitakuja, mpenzi. Au bado nisikuite?"

"Niite. Kifungo chenyewe kiko wapi?"

Mtoto alifumbua kiganja chenye makombo.

"Nilikiokota mimi, mama."