Jirani Aliyeongeza Sauti ya Redio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimfunga bibi yake kamba za viatu. Miguu ya bibi ilivimba kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima, na kuinama kulimpa taabu. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiopoa.

Siku hiyo walitoka pamoja. Bibi alinusurika mauaji ya kimbari akiwa msichana mdogo, akapoteza ndugu zake wote, na sasa shule ilikuwa imemwalika azungumze na wanafunzi.

"Utasema yaleyale, Bibi?"

"Yaleyale. Na nimechoka hoi, mjukuu wangu."

Chiriku naye alichoka, ila kwa jambo lingine. Darasani kulikuwa na msichana mgeni ambaye familia yake ilikimbia vita. Wenzake walimwita Kunguni, na akikaa karibu walisogeza madawati. Jana alimnong'oneza Chiriku, "Kesho ndiyo mwisho. Sirudi tena shule." Chiriku, mwenye neno kwa kila jambo, aliendelea kuchonga penseli. Aliogopa marafiki zake wangemgeuzia kibao. Tangu hapo moyo ulimsuta.

Ukumbini, bibi alizungumza kwa sauti ya kukwaruza.

"Walipovamia kwetu, nilikimbilia kwa jirani. Nikagonga, nikamwita shangazi, kama nilivyozoea. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele. Nilisikia nyayo zake zikija hadi mlangoni. Kisha zikarudi, akaongeza sauti ya redio."

Bibi akayumba. Mwalimu akatoka haraka kufuata maji, na msichana mgeni akakimbia kumletea kiti.

"Bibi, usikikalie! Kina kunguni!" mtu akaropoka kutoka nyuma.

Vicheko vikapasuka. Msichana mgeni aliweka kiti chini taratibu, akageuka kuelekea mlangoni. Wasiocheka walitazama viatu vyao, na Chiriku akatazama vyake. Akazikumbuka zile nyayo zilizofika mlangoni zikarudi. Hadithi aliyoisikia mpaka ikamchosha, leo ilimchoma.

Akasimama.

"Acheni! Huyu ni mwenzetu. Anayemcheka, anicheke na mimi!"

Akamfuata msichana yule, akamshika mkono, akarudi naye kwenye benchi. Marafiki zake wakamtazama kwa jicho la pembeni. Benchi lilikuwa limejaa, na mwanzoni hakuna aliyesogea. Kisha mmoja akasogea, na mwingine naye akasogea.

Mwalimu aliporudi na kuambiwa yaliyotokea, aliwaita waliocheka mmoja mmoja, wakaomba radhi mbele ya wote. Jina lile likapigwa marufuku.

Wakati wa kurudi nyumbani, bibi alimwegemea mjukuu wake begani, akitembea kwa kujikokota.

"Waliotuvamia hawakuwa wengi," alisema. "Wengi walikuwa wale waliosikia wakanyamaza. Ukiona mwenzako anaonewa, usiseme hayakuhusu. Fungua mlango, hata kama unaogopa."

"Lakini nilichelewa, Bibi."

"Ulichelewa, ndiyo. Shangazi yule hakufungua kabisa."

Asubuhi iliyofuata, Chiriku alichungulia darasani kwa wasiwasi. Msichana mgeni alikuwa ameshakaa, na kwenye dawati lake alikuwa amemwachia nafasi.