Uzi wa Daraja Jipya

Jua lilikuwa likizama Varvara alipowapelekea waashi ugali na jibini darajani. Alirudi akitembea wima, kidevu juu. Asubuhi ile alikuwa ameletewa salamu kwamba mumewe, Toader, alikuwa mzima huko milimani na kondoo zake.

"Fundi Gavril kanipima kivuli kwa uzi," alimwambia mama mkwe wake, Safta, akicheka. "Nikamuuliza, unanishonea gauni?"

Safta hakucheka.

Daraja lile lilikwisha kubomoka mara mbili. Uzi wa namna hiyo hufukiwa chini ya jiwe la msingi ili daraja lisimame, na mwenye kivuli huzikwa kabla ya siku arobaini kwisha.

"Umepimwa ukiwa na furaha," Safta alinong'ona. "Usifikie kimo kile tena mpaka arobaini zipite, mwanangu."

Varvara alijaribu kuinama. Lakini kila alipomkumbuka Toader, mgongo ulijinyoosha wenyewe. Siku ya tatu, Safta akajifunga kitambaa cheusi cha msiba, akamfunga na Varvara, akamwambia kwamba Toader ametumbukia korongoni na kufa.

Ulikuwa uongo. Lakini mabega ya Varvara yalianguka palepale. Tangu hapo alitembea ameshika kuta, akipepesuka kama mtu aliye juu ya barafu.

Kila magharibi kitu kilikuja.

Ssss... kama uzi unaoburutwa sakafuni. Harufu ya chokaa mbichi. Kilipanda kutoka kisigino cha Varvara, kikafika kisogoni, kikapitiliza hewani... kikatafuta... kikarudi kilikotoka. Safta alihesabu siku, akauma ulimi.

Magharibi ya arobaini, Varvara alikuwa kizingitini, amejikunja. Ssss... ikaanza kupanda.

Mluzi ukasikika njiani.

Varvara aliujua: wa Toader. Akainua kichwa. Shingo ikanyooka, mabega yakafunguka, mgongo ukapanda pingili kwa pingili.

"Inama," Safta alisema. "Inama, mwanangu."

Varvara alikuwa amesimama wima kabisa, akitabasamu.

Ssss... ikakoma utosini.

Akaanguka mzima mzima, kama ubao. Hakupumua tena.

Majirani walisema ni kizunguzungu: mwili uliopinda siku nyingi, ukinyooshwa ghafla, husahau kusimama. Huenda. Daraja halijabomoka tena.

Toader alipiga magoti, akashika kitambaa cheusi kichwani mwa mkewe.

"Mama," aliuliza taratibu, "alikuwa akimlilia nani?"

Mlangoni bado palinuka chokaa mbichi.