Ukungu Kwenye Gunia la Mbegu

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji mara mbili, Nishimwe alitakiwa kupanda hadi kwenye pango lililo juu ya mashamba ya Burungu. Huko familia kadhaa zilificha mbegu za maharagwe, mbali na wezi. Kazi yake ilikuwa kutoa mbegu za kwao, kuzianika juani, na kuzirudisha guniani jioni. Kwa msichana wa miaka kumi na miwili aliyechoka tangu asubuhi, kazi hiyo haikuwa na mwisho. Jumamosi tatu mfululizo alikaa tu mlangoni mwa pango, akapumzisha miguu, kisha akarudi nyumbani na kusema ameanika.

Sasa mama yake, Thacienne, alikuwa amepiga magoti pangoni mbele ya gunia lao, tochi mkononi. Vidudu vyeupe, vidogo kuliko ufuta, vilikimbia juu ya maharagwe vikipapasa kwa vipapasio virefu vyembamba.

"Wadudu imeingia," alisema kwa sauti iliyochoka. "Leo tunapika yote, mbele ya wadudu kuenda ku gunia ya wengine."

Zilibaki siku tisa tu kabla ya kupanda, na mbegu nyingine hawakuwa nazo.

Papa Nestor, agronomi, yaani mshauri wa kilimo wa kijiji, aliyekuwa amepanda nao, aliinama akatazama. "Hii haitoboake maharagi, Mama. Iko inaishi humu tangu zamani, ku mawe yenye maji-maji. Inakulaka ukungu. Kama munaanika na ukungu bado iko, basi mbegu imeoza ndani, mupike tu. Munaanikaka?"

"Kila siku ya posho," alijibu Thacienne, akimaanisha Jumamosi. "Mutoto njo anaanikaka."

Nishimwe, aliyesimama nyuma yao, alitazama gunia. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Watashiba juma moja, kisha shamba litabaki tupu.

"Mama, sikuanika," alisema. "Posho tatu. Nilikuwa nachoka."

Thacienne alishusha tochi. Hakugomba, hata kugomba kunahitaji nguvu.

"Basi tuanike," alisema Papa Nestor. "Ukungu ikiisha, hii wadudu haina chakula."

Walianika siku tatu na kuchambua zilizooza. Nyingi zilipona, na vidudu vikatoweka.

Siku ya kupanda, Thacienne alimwekea binti yake mbegu mkononi. "Sisi wote tunachoka, mutoto wangu. Ukichoka, sema, tutapanda mulima sisi wawili. Lakini ukisema umeanika na haukuanika, nitapika mbegu yetu kwa mikono yangu, na sitajua kama ingeota."