Bibi Harusi Aliyekatwa Kichwa

"Nani amemkata huyu mwanamke kichwa?"

Rashidah aliinua picha kuukuu. Walikuwa Mbale, sebuleni kwa kina Nasif, mchumba wake, wakichagua picha za ukoo za kupamba ukumbi siku ya harusi. Katika hii, Mzee Wamboga, babake Nasif, alikuwa bwana harusi kijana. Bibi harusi wake hakuwa na kichwa. Mkasi ulikuwa umepita shingoni.

"Mke wa kwanza wa baba," Nasif alijibu upesi. "Alitoroka na mwanajeshi, enzi zile za utawala wa jeshi. Achana naye."

Rashidah alikazia macho mkono wa bibi harusi. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatika nusu. Mkono kama huo ndio uliomlea: ulimsuka nywele, ulimlisha, ulimchapa alipokosea.

"Nasif, huyu ni Shangazi Hajarah."

Nasif alitazama chini.

"Ulijua?"

"Rashidah, nisikilize kwanza..."

"Ulijua?!"

"Nilimtambua siku niliyokuja kwenu Nalufenya, kule Jinja. Nikaikata picha wiki iliyopita. Niliogopa kukupoteza."

Rashidah alipiga simu Jinja, akaweka sauti juu.

"Shangazi, yule mumeo uliyeniambia alikufa, hakufa, sivyo?"

Sauti ya Hajarah ilisikika sebule nzima.

"Hakufa, mwanangu. Nilimzika moyoni. Wamboga alinifukuza kwa kuwa sikuzaa, akawatangazia watu nimetoroka na mwanajeshi. Baba yangu aliingia kaburini bila kunisemesha. Nasif alipotaja jina la babake, nilijua. Nikanyamaza ili uolewe kwa amani."

"Zima hiyo simu!" Mzee Wamboga alikuwa amesimama mlangoni.

"Sizimi! Sema mwenyewe, Mzee. Alitoroka?"

"Msichana hanihoji nyumbani kwangu!"

"Alitoroka?!"

Mzee alimtazama mwanawe, akitafuta msaada. Hakuupata.

"Nilimfukuza," alisema hatimaye. "Hakwenda na mtu."

Kwenye simu Hajarah alilia, kisha akajikaza. "Nimesikia. Rashidah, usivunje ndoa yako kwa ajili yangu. Kosa la baba si la mtoto."

Nasif alimshika Rashidah mkono. "Umesikia? Shangazi ameturuhusu."

Rashidah aliuchomoa mkono wake kwa nguvu.

"La baba yako ni la zamani. Lako ni la wiki iliyopita! Ulikaa kwenye mkeka wake, ukala chakula chake, ukamwita mama. Kisha ukarudi hapa ukashika mkasi."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda!"

"Nikishakuwa mkeo, nikikutia aibu, utanikata wapi?"

Rashidah alichukua mkoba, akampita Mzee Wamboga bila kumuaga, akatoka hadi barabarani. Machozi yalimtoka, lakini hakupunguza mwendo.

"Rudi, mwanangu," Hajarah alimsihi, akiwa bado kwenye simu. "Rudi uongee naye."

"Nimeshaongea naye, Shangazi. Sasa nakuja kuongea na wewe."